Mikanda ya Mbio ya Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa dereva wa mashindano ya magari. Kwamba hakuwahi kushindana hata siku moja ni jambo dogo, na yeye mwenyewe halikumsumbua. Mchana alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja hapa Kisumu, kazi ya kujua nani amechukua ufagio na nani hajarudisha koleo. Lakini Pasaka ikifika, wakati Wakristo wenzake wako kanisani, yeye alikuwa amesimama kando ya barabara ya vumbi huko juu kwa Wanandi, akingoja magari ya mashindano yampite yakimrushia mawe. Alirudi jioni nyusi nyekundu, meno mekundu, anatabasamu peke yake. Nilimpenda, msije mkanielewa vibaya. Unaweza kumpenda mtu na bado ukamwona vizuri sana.

Tulikuwa na gari kuukuu la Kifaransa, la rangi ya maziwa. Alilinunua kwa dalali mmoja aliyemwapia kwamba lilikuwa la mchungaji aliyelitumia Jumapili tu. Basi mchungaji huyo lazima alikuwa akiwahubiria mbuta. Miaka hiyo, mwisho wa themanini kuingia tisini, mbuta ndiye alikuwa mfalme wa ziwa letu: samaki mkubwa kupita mtoto wa nasari, anakimbizwa viwandani kukatwa minofu ya kupelekwa Ulaya, na sisi tunabakishiwa kichwa na miiba tukaange tumshukuru Mungu. Waliokosa lori walitoa kiti cha nyuma cha gari dogo, wakapakia samaki na barafu, wakakanyaga mafuta. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yanashuka chini ya mkeka, na yanakula bati polepole bila kelele. Mjini hapa kila mtu alijua kwamba gari la samaki haliuzwi kwa jina lake. Husingiziwa mchungaji.

Mimi nilinusa siku ya kwanza, nikamwambia. Akasema ni harufu ya ngozi ya viti. Viti vyenyewe vilikuwa vya kitambaa. Paka wa mtaa mzima wakahamia chini ya gari letu, na mume wangu akanieleza kwa utulivu mkubwa kwamba paka ni wanyama wanaopenda kivuli. Yawa, kivuli cha ukuta wa jirani kilikuwa na kasoro gani? Tangu hapo neno samaki lilipigwa marufuku ndani ya gari. Mkeka wa nyuma, mpira mweusi mzito, ulikuwa umegandishwa kwa gundi, na hakuna aliyeruhusiwa kuuinua hata kwa kufagia.

Sasa, mimi nilikuwa nauza mitumba soko la Kibuye. Jumapili moja, saa ambayo wateja ndio wanatoka kanisani na pesa yao ya mabaki, akaja mbio kwenye kibanda changu amekumbatia rundo la mikanda myekundu. Mikanda ya mbio, ile mipana wanayojifunga madereva wa mashindano: miwili inashuka mabegani, miwili inazunguka kiuno, wa tano unapanda kutoka chini katikati ya mapaja, na yote inakutana kwenye kifungo kimoja kikubwa cha chuma hapo tumboni. Muuza vyuma chakavu alikuwa amemwambia imetoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Nikamuuliza tangu lini kupinduka kukawa sifa. Akasema dereva alitoka akitembea kwa miguu yake. Nikasema labda alikuwa anakimbia wenye gari. Hakucheka.

Lazima nimpe haki yake, maana mdomo ninao lakini mwongo si mimi: mambo ya mikanda aliyajua. Kwa majuma mengi tulikula chakula cha jioni na mikanda. Alinieleza, tonge liko hewani, kwamba mkanda haumshiki mtu. Kinachomshika mtu ni pale bolti iliposhika. Bolti ikipitishwa kwenye bati tupu la sakafu, siku ya kishindo itatoka na kipande cha bati, kwa hiyo lazima chini yake kuwe na bamba nene la chuma, lililochomelewa, ili nguvu isambae. Mikanda ya mabegani irudi nyuma ikiwa sawa na mabega, ikamate kwenye bomba la chuma linalovuka gari. Ukiifunga chini sakafuni, gari likigonga inakukandamiza uti wa mgongo badala ya kukushika. Wa kiunoni ukae chini kwenye mifupa ya nyonga, sio juu ya tumbo. Wa katikati usiachwe kamwe, maana ndio unaozuia mwili kuteleza chini ya ule wa kiuno. Profesa mzima. Na kwa viti vya mbele alifuata kila neno. Fundi mmoja wa mtaa wa Obunga akachomelea bomba, akachomelea mabamba, na sisi tukawa watu pekee Kisumu waliokwenda kununua sukari wamejifunga kama marubani wa vita.

Kisha likaja jambo la mama yangu.

Mama alikaa kwetu upande wa Awasi, uwanda wa Kano, mjane mwenye shamba lake la mtama. Jicho la kushoto lilikufa zamani, lilichomwa na bua wakati wa kuvuna. Lililobaki likaingiwa na mtoto wa jicho, ukungu ukazidi msimu hadi msimu, mpaka akawa ananijua kwa sauti tu. Hatimaye akakubaliwa kufanyiwa upasuaji mjini, na gari la kanisa likamleta. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini daktari alituambia waziwazi: jicho limeshonwa, kwa wiki kadhaa asiiname, asibebe kitu, asigongwe, kichwa kisitikiswe ghafla. Nyuzi zikifunguka jicho linamwagika, na hana lingine. Nilitoka nje nikalia, wala sioni haya kusema. Mtu wa jicho moja hana akiba.

Ingekuwa rahisi akae kwangu mpaka apone. Lakini mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe; kwetu Wajaluo hilo halina mjadala. Mkwe na maro wake, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali mezani pamoja, hawaangaliani usoni. Akimgusa, hata kwa bahati mbaya, wazee wanaketi, mbuzi anatafutwa, na watu wanaanza kungoja chira, ile laana inayokula familia mmoja baada ya mwingine. Mkwe mwenyewe anabaki hadithi ya kila matanga mpaka naye azikwe. Kwa hiyo siku ya kutoka hospitalini ilikuwa lazima mama arudi Awasi, barabara yenye mashimo yake yote, na nyuzi mbichi ndani ya jicho. Baba mdogo wangu, ndugu ya marehemu baba, ndiye aliyekuwa askari wa desturi pale nyumbani. Aliruhusu mama apande gari la mkwe kwa sababu ya ugonjwa, mradi akae nyuma, mimi nikae naye, na mkwe aangalie barabara tu.

Nilipomweleza mume wangu, macho yake yaling'aa kwa namna ambayo haikunifurahisha. Hatimaye dunia ilikuwa imeihitaji mikanda yake. Akasema ataing'oa ile ya kiti cha abiria aipeleke nyuma, amfunge mama hivi kwamba hata tuingie shimo la kuzimu kichwa chake hakitasogea. Na mimi, niliyecheka mikanda hiyo mpaka mbavu zikauma, niliona kwa mara ya kwanza kwamba wazo lake lina akili. Nilimwambia hivyo. Alifurahi mpaka nikajuta.

Akaenda kwa fundi wa Obunga. Fundi akasema vizuri, kazi ni ileile: tuinue mkeka, tusafishe sakafu, tuchomelee mabamba kama mbele. Hapo ndipo profesa wangu alipopotelea. Kuinua mkeka mbele ya fundi yule ni kumwonyesha kilicho chini yake, na ulimi wa fundi yule ulikuwa redio ya Obunga. Kabla ya Jumapili Kibuye yote ingejua kwamba karani fulani aliuziwa gari la mbuta kwa jina la Bwana. Akamwambia fundi hapana haja, kazi ndogo kama hiyo ataimaliza mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mume wangu alikuwa anaficha uchi wa gari.

Jumamosi hiyo alitoboa matundu kupitia mkeka bila kuuinua. Chini ya gari dalali alikuwa amepaka lami nyeusi kila mahali, kwa upendo mkubwa, kwa hiyo huko nako hakukuonekana kitu. Akapitisha bolti, akaweka washa, vile vipete vya chini ya nati, ndogo kama sarafu, akakaza na spana mpaka shingo ikatoa mishipa. Hakuna bamba. Mikanda ya mabegani nayo, ile ya kurudi nyuma sawasawa kwenye bomba, akaifunga palepale sakafuni.

Nikamuuliza mabamba yako wapi. Akasema nyuma hakuna nguvu nyingi kama mbele. Nikamuuliza na uti wa mgongo je? Akasema mama yako si mrefu. Sijui hilo lilikuwa somo la ngapi. Nikamwambia inua mkeka nione. Akapaza sauti, jambo ambalo hakulizoea, akasema sakafu ni nzima. Akaingia, akajifunga, akajirusha mbele kwa nguvu zake zote, akarudia tena na tena, majirani wametoa shingo madirishani. Bolti zikashika. Akatoka amelowa jasho, akaniuliza kama nimeridhika. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na kwa mume aliyejitoa sadaka mbele ya mtaa huna la kuongeza.

Siku ya kumchukua mama niliona kituko ambacho sijakiona tena. Mama amekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, kitambaa kichwani, bandeji kwenye jicho, mikono magotini. Mimi nimeinama juu yake na mikanda mitano mkononi. Mume wangu, mtu pekee pale hospitalini aliyejua mikanda ile inafungwaje, amesimama nje ameupa mgongo mlango wa gari, anauhutubia ukuta. Aliueleza ukuta kwamba unaanza na kiuno, unavuta chini kwenye nyonga, ndipo unakaza mabega. Mimi nikamwambia mama. Mama akaniambia nimwambie huyo anayesema kwamba inambana. Nikamwambia mume wangu, ambaye alikuwa umbali wa mkono na masikio yake yote mawili yalikuwa mazima. Akauambia ukuta kwamba kubana ndiko kunakotakiwa. Nesi mmoja alipita, akatutazama, akaongeza mwendo.

Tukafika mkanda wa tano. Mama aliushika kwa vidole, akaufuata mpaka ulikotoka, akaniuliza huu unakwenda wapi. Nikamnong'oneza. Aliuachia ukaanguka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayekataa chai, kwamba tangu azaliwe hajafungwa hapo kwa mpango wa mwanaume yeyote, na hataanzia ndani ya gari la mkwe wake. Ukuta haukujibu. Mume wangu aliondoka akaenda kukagua matairi, na mkanda wa tano ukabaki sakafuni.

Basi tukaondoka. Ndugu zangu, huyo dereva wa mashindano alivyoendesha! Tulipita Nyamasaria baiskeli zinatupita. Tulipita Rabuor bibi mwenye kuni kichwani anatupita, nusura atusalimie. Kila shimo alilizunguka kwa heshima kama la shemeji. Alishika usukani kwa mikono miwili, hakugeuka hata mara moja, na shingoni nikaona jasho linashuka. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtania, nikayameza. Niliona anavyoogopa, na nilikuwa naogopa vilevile.

Baada ya Ahero mama ndiye aliyeharibu. Aliniambia nimwambie mume wangu kwamba anashukuru, lakini kama tunaenda maziko maiti ameshaoza. Nikafikisha ujumbe. Alicheka kidogo mbele huko, mabega yakalegea, akaongeza mwendo. Si mwendo wa mashindano, hapana; mwendo wa watu. Upande wa kushoto walikuwa wameanika mpunga kwenye maturubali kando ya lami, na nyuma ya mpunga ng'ombe wa Kano wanajichunga wenyewe kama kawaida yao. Fahali mmoja aliamua kwamba majani matamu yako ng'ambo. Akapanda barabarani bila hata kutazama, na wengine wote nyuma yake.

Mume wangu alikanyaga breki.

Nilisikia mlio chini ya miguu yangu, mkavu, kama mtu anavunja ukoko wa ugali kwenye sufuria. Mkanda wa kiuno ulipaa na bolti yake. Wa bega ukafuata. Mama akaruka kutoka kitini, kichwa mbele, akielekea lile bomba la chuma nyuma ya viti vya mbele, bomba lililochomelewa vizuri mno, bomba ambalo halingetikisika. Nilimdaka gauni. Gauni likachanika.

Na hapo mume wangu, ambaye hakuwa ametazama nyuma tangu hospitalini, aliachia usukani kwa mkono wa kushoto, akautupa nyuma katikati ya viti, na kiganja chake kikampokea mama yangu kwenye paji la uso. Gari likasimama. Kichwa cha mama kilikuwa kwenye kiganja cha mkwe wake, na nyuma ya kiganja hicho vidole viwili vimebanwa kwenye bomba.

Ng'ombe wakapita, mmoja mmoja, bila haraka. Mume wangu alikuwa anatazama mbele, macho yamemtoka, mkono uko nyuma palepale. Angeutoa mama angeanguka. Asipoutoa ameshika uso wa maro wake mchana kweupe kwenye barabara ya Kericho.

Mama ndiye aliyeongea, taratibu kabisa.

"Mwambie mume wako ng'ombe wamepita."

Nilimshika mama mabega nikamrudisha kitini, na mkono ukaondoka. Mume wangu alifungua mlango, akatoka, akachuchumaa kando ya mpunga wa watu. Nilichungulia bandeji. Kavu. Nikamuuliza mama kama kuna kitu kinachoma, kama anahisi maji, kama anaona mwanga pembeni. Akaniambia niache kumpumulia usoni. Ndipo nikatazama chini. Mkeka ulikuwa umepasuka, na kupitia sakafu niliiona lami ya barabara, kokoto zake, na mavi ya ng'ombe ya siku hiyohiyo. Bolti zilikuwa zimetoka na vipande vya bati vyekundu, vyembamba, vinavyovunjika ukivishika.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilitoka na kipande kimoja cha bati hilo mkononi, nimeshapanga hotuba nzima: mchungaji ndani, paka ndani, profesa ndani. Nikamkuta amekaa vilevile, vidole vinavuja damu, hajavifunga.

"Ni gari la samaki," akasema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Niliona aibu ya kuchekwa."

Basi hotuba yangu ikakosa pa kuanzia. Nilimfunga vidole na kipande cha gauni la mama kilichochanika. Nikamwambia twende. Kutoka pale mpaka Awasi nilimkumbatia mama mimi mwenyewe, miguu nimeikaza kwenye kiti cha mbele, na tukarudia ule mwendo wa maziko bila yeyote kulalamika.

Nyumbani baba mdogo alikuwa anatungoja langoni, fimbo mkononi, kama kawaida yake ya kupokea mizigo na makosa. Alikuja kumfungulia mama mlango. Macho yake, yaliyokuwa mazima kupita kiasi, yakaona mikanda imelala chini na bolti zake, yakaona tundu, yakaona gauni, yakaona vidole vya mume wangu. Akauliza kumetokea nini. Nikasema ng'ombe, breki, mikanda imeng'oka. Akaendelea kutazama. Mzee yule alikuwa na akili ya kufuata jambo mpaka shimoni mwake.

"Mikanda imeng'oka," akasema. "Sasa nani alimshika?"

Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, ameinamisha kichwa. Nilimjua: alikuwa anatafuta namna ya kusema. Alikuwa ameshachoka kuficha, na siku hiyo angesema kila kitu, na wazee wangeitwa, na mbuzi, na vikao, na kila matanga kutoka Awasi mpaka ziwani watu wangesimuliana jinsi mkwe alivyomkamata maro wake uso. Nilifungua mdomo nidanganye, na uongo haukuja.

"Mkanda," mama akasema kutoka ndani ya gari.

Baba mdogo akamgeukia. "Mkanda si umeng'oka?"

"Ulinishika kwanza," akasema mama. "Ndipo ukang'oka. Nisaidie nishuke, mgongo unauma."

Mama yangu alikuwa mama wa kanisa, mtu aliyewahi kurudi sokoni kwa miguu kwa sababu muuza chumvi alimzidishia chenji. Baba mdogo alimjua hivyo kuliko mimi. Alisimama hapo na fimbo yake, akalitazama tundu, akamtazama mkwe, akamtazama shemeji yake mwenye jicho lililofungwa. Kisha akampa mkono ashuke. Jioni ile ile aliwaeleza majirani kwamba mikanda ya mbio ni kitu kizuri, ingawa haidumu.

Mume wangu angeweza kuishi mwaka mzima kwa sifa hiyo peke yake. Hakuitumia. Jumapili iliyofuata alilipeleka gari Obunga mchana, akaung'oa mkeka wote mbele ya fundi na wapita njia, akawaambia ni gari la mbuta na ameuziwa kama mjinga. Walicheka kweli, sitaki kuwapunguzia. Fundi aliikata sakafu yote ya nyuma akaweka chuma kipya, na mikanda mume wangu hakuirudisha kokote. Hakumtaja mama kwa mtu yeyote, wala mimi hakunitajia. Lakini usiku mwingine nilimwona anaukunja na kuukunjua ule mkono wa kushoto, anautazama, kama bado kuna uzito juu yake.

Jicho lilipona. Daktari alipoondoa nyuzi na kumpa miwani, mama alitazama dirishani muda mrefu, akasema mji umechafuka sana tangu auone. Nilikwenda kumsalimia Awasi wiki chache baadaye nikamkuta amekaa kibarazani anashona lile gauni lililochanika. Nilikuwa nimelibeba lile jambo kifuani siku zote hizo. Mama yangu, aliyenichapa kwa uongo wa kijiko cha samli, alikuwa amedanganya mzee wa boma mchana peupe. Nikamuuliza kwa nini.

Aliendelea kushona.

"Mimi siku ile nilikuwa kipofu," akasema. "Jicho moja limekufa, lingine limefungwa. Sikuona kitu." Akakata uzi kwa meno, akainua uso, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mama yangu akanitazama machoni, akaniona. "Wewe ndiye uliyekuwa na macho mawili. Uliona nini?"

Nilitaka kucheka, na machozi yakatangulia.

"Mkanda, mama," nikasema. "Niliona mkanda."